Chumba cha Bi Mwantumu Kisicho na Mlango

Hapo zamani, na anayetaka kujua mwaka akamuulize mtu mwingine, katika mji mmoja wa reli, pale mashamba ya mkonge yalipoishia na nyumba za watu zikaanza, palikuwa na mjane aitwaye Bi Mwantumu. Marehemu mumewe alimwachia kiwanja, kitanda na mdomo. Mdomo alikuja nao kutoka kwao, lakini marehemu ndiye aliyeunoa kwa miaka thelathini na minne ya kujibishana.

Alikuwa na watoto wawili. Mhina, wa kiume, alikuwa na mkewe Tunu. Sikitu, wa kike, alikuwa na mumewe Singano, karani wa stesheni, mtu wa adabu mno, wa kumpigia hodi hata kuku bandani. Kiwanja kilikuwa kimoja na familia zilikuwa mbili, kwa hiyo ikakubaliwa ijengwe nyumba pacha: bati moja, ukuta mmoja katikati, Mhina na Tunu kulia, Sikitu na Singano kushoto.

Akaitwa fundi Chambo. Fundi huyu alikuwa na mtindo wake. Hakuchora ramani kwenye karatasi, kwa sababu karatasi, alisema, haimgongi mtu kiwiko. Alichora nyumba nzima chini kwa majivu, kwa ukubwa wake hasa, kila ukuta na kila mlango, halafu akawaamuru wenye nyumba wahamie humo kuanzia asubuhi hadi adhuhuri kabla hajapiga jembe la msingi.

Wakahamia. Tunu akainjika chungu cha kweli kwenye jiko la majivu. Singano akaketi kwenye sebule ya majivu na gazeti lake, miguu pamoja. Majirani wakajipanga ng'ambo ya barabara kutazama watu wazima wakicheza kibaba na kimama. Bi Mwantumu akawa anakagua.

"Wee Mhina! Umepita ukutani!"

"Mama, nafuata maji tu."

"Rudi uzunguke mlangoni kama binadamu."

Mhina akarudi, akazunguka.

Msicheke. Asubuhi ile moja iliwaokoa na balaa nyingi. Sikitu aligundua kuwa sebule yake ni nyembamba kiasi kwamba mgeni akinyoosha miguu, vidole vinafika barabarani. Singano alichutama chooni, akajikuta ameelekea kibla, akaruka kama aliyekalia siafu. Na vyoo vyenyewe fundi alikuwa ameviweka katikati, vimepeana migongo, ili vitumie shimo moja. Bi Mwantumu akatandika mkeka pale alipodhani chumba chake kitakuwa, akajilaza, akaona kichwa chake kimelala baina ya vyoo viwili.

"Fundi," akasema kutoka pale chini, "unanijengea au unanizika?"

Fundi akachukua ufagio, akafuta, akachora tena. Vyoo vikapelekwa pembe za nje, kimoja kulia kimoja kushoto, majiko yakasogea katikati. Akafuta, akachora. Mara ya tatu kila kitu kikakaa sawa, isipokuwa kimoja: Bi Mwantumu atalala wapi?

Akilala kwa Mhina, Sikitu atanuna. Akilala kwa Sikitu, mji mzima utauliza kama hakuzaa mtoto wa kiume. Tangu kufiwa alikuwa akihamahama na bunda lake, mwezi kwa Mhina, mwezi kwa Sikitu, na kila mwezi ulipokaribia kuisha aliona jinsi wenye nyumba walivyochangamka. Hilo lilimuuma. Hakulisema, yeye aliyesema kila kitu, lakini lilimuuma. Alichotaka ni mahali pamoja tu ambapo hakuna mtu atakayemfungia bunda na kumsindikiza.

Basi akamnyang'anya fundi debe la majivu. Akainama, akachora chumba mwenyewe, katikati kwa nyuma, baina ya majiko mawili, juu kabisa ya ukuta wa kati, hata ukuta ukalazimika kugawanyika na kumzunguka. Akaacha dirisha la kutazama uani. Kisha akafuta majivu kwa kidole sehemu mbili: mlango wa kutokea kwa Mhina, na mlango wa kutokea kwa Sikitu.

"Milango miwili, bi mkubwa?" fundi akauliza.

"Miwili. Nikigombana huku, nakula kule."

Watu wakacheka. Lakini Tunu alicheka kidogo mno, na Singano alikunja gazeti lake mara nne. Bi Mwantumu aliona. Kwa hiyo jioni akaenda kwa Tunu, akamshika mkono.

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Mlango wa kwenu ni wa dharura tu. Makazi yangu yatakuwa kwa Sikitu, mtoto wa kike ndiye anayejua kumsugua mama mgongo."

Tunu akamweleza mumewe. Na Bi Mwantumu, kabla kiatu hakijapoa, akaenda kwa Singano.

"Baba, usiwe na wasiwasi. Mlango wa kwenu ni wa dharura tu. Makazi yangu yatakuwa kwa Mhina, mtu mwenye mtoto wa kiume hakai kwa mkwe."

Huku wakashusha pumzi, na kule wakashusha pumzi. Bi Mwantumu akaziona pumzi zote mbili, akajifanya hakuziona, akaenda kulala.

Msingi ukachimbwa, sakafu ikamwagwa. Sasa kikaja kitanda. Kilikuwa cha samadari, nguzo nne, kipana cha kulaza ukoo, na hakikufunguka vipande, maana aliyekitengeneza alikigongea kabari za mpingo kisha akafa na siri yake. Mlango wa kukipitisha haujawahi kutengenezwa hapa duniani. Kwenye nyumba ya zamani walibomoa ukuta ili kitoke. Kwa hiyo fundi alikiweka kwanza, katikati ya sakafu tupu, akakifunika turubai, halafu akajenga kuta kukizunguka.

"Na kuta zifike mpaka kwenye bati," Bi Mwantumu akaagiza. "Sitaki mtu ahesabu ninavyokohoa."

Kuta zikafika kwenye bati. Bati likapigwa. Dirisha la uani likawekwa nondo za kuzuia wezi. Zikabaki plasta na milango.

Wiki ile Bi Mwantumu alikwenda arusini mji wa pili, siku tatu. Kumbe Mhina alikuwa akiisubiri safari hiyo. Akamfuata fundi.

"Fundi, zibe ule mlango wa upande wangu."

"Kwa nini?"

"Ni wa dharura tu, mama mwenyewe kasema. Atakaa kwa Sikitu. Mlango ukibaki wazi, mama ataingia jikoni kwa Tunu kila dakika. Ataonja chungu mpaka chungu kiishe. Watatoana roho, nami nitakuwa katikati. Ziba, na uniapie kwamba humwambii mtu."

Fundi akaapa. Akaziba. Akachomoa na ile linta, boriti fupi inayobeba ukuta juu ya mlango, akaitumie barazani, maana alikuwa mtu asiyependa kitu kikae bure. Bi Mwantumu aliporudi na hina mikononi, akakuta mkeka umening'inizwa upande ule. "Plasta mbichi, usiguse," akaambiwa. Hakugusa. Akaendelea kutumia mlango wa upande wa Sikitu.

Siku mbili baadaye Singano akamfuata fundi, kofia mkononi.

"Fundi, samahani kwa usumbufu. Naomba uzibe ule mlango wa upande wangu."

"Kwa nini?"

"Ni wa dharura tu, mama mwenyewe kasema. Atakaa kwa Mhina. Mlango ukibaki wazi, iko siku nitakutana na mkwe wangu ukumbini, yeye na kanga moja anatoka kuoga, mimi na taulo naenda. Uso wangu nitauweka wapi? Kule ni kwa mwanawe, kanga moja si kitu. Ziba, na uniapie kwamba humwambii mtu."

Hapa fundi Chambo aliuweka mwiko chini. Alikuwa na akili timamu, alijua kutoa mbili kwenye mbili. Lakini alikuwa ameapa mara moja, na sasa anaapishwa mara ya pili, na saruji ilikwisha kukorogwa. Akaapa. Akachukua mwiko.

Wakati huo Bi Mwantumu alikuwa ameshiba ugali na kisamvu. Akasema ngoja nikajaribu chumba changu. Fundi akiwa bado uani akichota saruji, yeye akaingia, akapanda kitandani, akashusha chandarua, akalala usingizi wa mtu aliyefika kwake. Fundi alikuwa ukumbini kwa Singano, macho kwenye pima maji na uzi, akipandisha tofali moja baada ya jingine. Hakuingia ndani kuhakikisha. Aliona chandarua kimeshuka, akadhani ni mito. Akafunga tofali la mwisho, akalisugua, akalipendezesha.

Alasiri Bi Mwantumu akaamka atawadhe. Akateremka, akauendea mlango. Ukuta. Akageuka, akafunua mkeka. Ukuta. Akazunguka chumba mara mbili akipapasa, kama anayetafuta miwani aliyoivaa. Akasimama. Likamjia wazo kwamba amekufa, na kwamba hawakumwandalia hata khitma ya maana. Kisha akaona dirisha, akajiambia kaburi halina dirisha. Ndipo akapiga kelele.

Wakaja wote mbio uani: Mhina, Tunu, Sikitu, Singano, fundi na mwiko wake, na majirani walewale wa ng'ambo ya barabara. Wakamkuta ameshika nondo kwa mikono miwili. Singano, alipomwona mkwe, alichuchumaa kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitoe."

Mambo yote yakatoka hapohapo, kwa sababu fundi hakuweza kushikilia viapo viwili na mwiko kwa wakati mmoja. Mhina akamtazama Singano. Singano akatazama chini.

"Basi bomoa, fundi," Sikitu akalia. "Bomoa zote!"

"Siwezi zote," fundi akasema. "Boriti kuu imelala juu ya chumba hiki. Linta nimezichomoa zote mbili. Nikitoboa ukuta mmoja, naweka nguzo, nyumba inasimama. Nikitoboa kuta mbili, bati linakuja kumtandika bi mkubwa. Tundu ni moja. Na tundu hilo ndilo litakuwa mlango wake, milele. Semeni ni la wapi."

Hapo ndipo ilipoanza aibu.

"Tobolea kwa Singano," Mhina akasema. "Mimi nilikuwa wa kwanza kuziba. Nilipoziba mimi, mlango mmoja ulibaki. Aliyemfungia mama ni yule aliyeziba wa mwisho."

"Tobolea kwa Mhina," Singano akasema, kwa sauti ya kuomba radhi. "Mimi niliziba nikijua kuna mlango kwa mwanawe. Mtoto wa kumzaa amzibie mama, mkwe ndiye alaumiwe?"

"Yeye mwenyewe alisema atakaa kwenu!"

"Alisema atakaa kwenu!"

Wakarushiana, kwenu, kwenu, kama watu waliopakuliwa kiporo. Bi Mwantumu alikuwa pale pale kwenye nondo. Alisikia kila neno, na majirani walisikia kila neno. Maneno hayo aliyajua siku nyingi kwa jinsi watu walivyokuwa wakimfungia bunda, lakini alikuwa hajawahi kuyasikia yakisemwa mchana, kwa sauti, na mwanawe. Yalimkata maini. Akaziachia nondo. Akaenda kuketi ukingoni mwa kitanda, akawapa mgongo, akajifunika kanga kichwani. Akanyamaza.

Nyinyi hamumjui Bi Mwantumu. Katika maisha yake alikuwa amewahi kunyamaza mara moja tu, siku ya kumzika mumewe, na hata siku hiyo ni mpaka jeneza lilipotoka uani. Dakika ikapita. Dakika mbili. Majirani wakaacha kucheka.

Wa kwanza kuvunjika alikuwa Tunu. Akamgeukia mumewe.

"Nani alikwambia sitaki mama aonje chungu changu? Nilikutuma? Umeenda kuziba mlango kwa jina langu, leo mama ananiona mimi ni mchawi wake. Mimi nagombana naye, ndiyo. Nagombana naye kila siku. Mama yangu mzazi alikufa sijafikisha miaka tisa, sikupata hata mtu wa kugombana naye. Fundi, tobolea jikoni kwangu!"

Mhina akafuta uso. "Tobolea kwangu, fundi. Mimi ndiye mwanawe. Niliziba kwa sababu ya woga, si kwa sababu simtaki. Nilimwogopa yeye, nikamwogopa na mke wangu. Mlango wangu ndio wa kwanza kuzibwa, uwe wa kwanza kufunguliwa."

Singano naye akainuka, na wote wanaomjua walishangaa kusikia sauti yake imepanda. "Hapana! Tobolea kwangu. Kaka unamfungulia kwa sababu ni mama yako, huna ujanja. Mimi hakunizaa. Niliziba kwa heshima, nataka kufungua kwa heshima. Nitajifunza kukohoa kabla sijapita ukumbini. Nitavaa kanzu kwenda kuoga, ikibidi."

"Na mimi?" Sikitu akapiga kelele. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza! Sikuziba, sikuapisha mtu, sikumwambia fundi neno. Katika nyumba hii nzima mikono yangu mimi ndiyo haina saruji. Tobolea kwangu!"

"Na mikono yangu ina saruji?" Tunu akadakia. "Nionyeshe!"

Wakaanza upya, safari hii kila mmoja akivutia kwake, na kelele zikawa zilezile. Mhina alikwisha kukimbilia ndani na mtaimbo, Singano na mchi wa kutwangia. Vikasikika vishindo kwenye kuta zote mbili, huku gu, kule gu.

"Acheni!" fundi akapasua sauti. "Mtamuua! Nimesema tundu moja!"

Wakaacha, wakarudi dirishani wakihema. Fundi Chambo akavua kofia.

"Kuna ukuta wa tatu," akasema, "huu wa dirisha. Tofali hizi niliziweka mimi, na makosa ni yangu, maana mimi peke yangu nilijua milango yote miwili imekwisha, nikanyamaza. Nikate hapa chini ya nondo, bi mkubwa awe na mlango wake wa uani. Hana wa kumpigia hodi. Hawi wa Mhina, hawi wa Sikitu. Mvua ikinyesha atalowa kidogo akienda kula, lakini hakuna atakayemzibia tena. Nitajenga na kibaraza chake, kwa jasho langu."

Kitanda kikalia. Bi Mwantumu alikuwa ameinuka. Akaja mpaka kwenye nondo, kanga mabegani, macho mekundu. Alipozungumza, alizungumza polepole, jambo ambalo pia lilikuwa geni.

"Mimi niliwadanganya," akasema. "Nilimwambia Tunu nitakaa kwa Sikitu. Nikamwambia Singano nitakaa kwa Mhina. Nilitaka mnikubali nyote, nikaogopa kuwauliza kama mnanitaka. Mkaniamini, ndiyo maana mkaziba. Kwa hiyo na mimi tofali langu limo."

Sikitu akaanza kulia. Mhina naye, ingawa baadaye alidai ni vumbi.

"Mlivyonikataa nimesikia," Bi Mwantumu akasema. "Na mlivyonigombania nimesikia. Sijui lipi la kweli. Huenda yote. Fundi, lete nyundo."

Fundi akaipitisha baina ya nondo. Akaipokea, akaipima uzito, akauliza kama wanadhani hajawahi kuponda kitu. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akasimama kwenye kipande cha sakafu kilichobaki kando ya kitanda, kulia kwake ukuta wa Mhina na Tunu, kushoto kwake ukuta wa Singano na Sikitu, mbele yake ukuta wa dirisha na fundi aliyeshika kofia. Akainua nyundo.

Haya, nyinyi mliokuwa mkicheka, sasa ni zamu yenu. Akipiga kulia, anafungua kwa mwana aliyemzibia kwanza, na kwa mke aliyezibiwa kwa jina lake. Akipiga kushoto, anafungua kwa mkwe aliyeziba kwa heshima, na kwa binti ambaye hakuulizwa. Akipiga mbele, anafungua kwa fundi aliyejua akanyamaza, na hatakuwa wa mtu. Boriti inabeba tundu moja tu. Bi Mwantumu ana umri wa kutosha, hatajenga nyumba nyingine. Mkono umekwisha kupanda na unaanza kuchoka.

Je, ni nani aliyestahili tundu lile?